Chuo cha Mourine

Mama Mourine hakukubali kubadilishwa jina. Miezi michache baada ya mazishi, wanawake wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, walijaribu kumwita Mama Khavere, kwa kuwa Khavere ndiye mtoto aliyebaki. Wakaita wee, naye akawa anapita zake na ndoo kichwani kana kwamba anaitwa mtu mwingine. Mwishowe walirudia lile la zamani, na papo hapo akaitika. Kwa hiyo kila asubuhi jina la marehemu lilitajwa pale mferejini kabla ya watu kunywa chai, na Khavere, blanketi limemfika puani, alisikiliza kama kuna mwingine atakayeitika.

Mourine alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Habari ilipofika, nyumba ilijaa vigelegele. Baba yao, Mulama, aliyefanya kazi katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area, alimpelekea fundi wa Kariobangi oda ya sanduku la bati, lipakwe rangi ya buluu na liandikwe jina la mtoto kwa herufi nyeupe. Mama akalijaza: sare, soksi ndefu, viatu vyeupe, saa ya kubandika kifuani. Kisha homa ikampanda Mourine. Siku aliyotakiwa awe langoni mwa chuo akiwa na sanduku lake, alikuwa katika chumba cha maiti.

Walimzika nyumbani, Khwisero. Huko kwao, matanga yakiisha, wanawake hukaa pamoja wakazitoa nguo za marehemu. Shangazi huchukua rinda, binamu huchukua sweta, mpaka zinakwisha zote, na hapo aliyekufa huwa amefunguliwa njia. Nguo ikifichwa, humshika mwenyewe asiende. Mama alipeleka gunia la magauni ya Jumapili, yakagawanywa, watu wakaridhika. Sanduku la buluu lilikuwa limebaki Nairobi, chini ya kitanda, na ufunguo wake ulining'inia kwenye uzi shingoni mwa Mama, ndani ya blauzi. Mambo hayo ni ya wanawake; Mulama hakuuliza. Wanawake wa Khwisero hawangeweza kuuliza juu ya kitu wasichokijua.

Khavere alijua. Kitanda kilikuwa chake. Mchana wa jua kali bati lilikuwa likilia chini yake, ko, kisha kimya, kisha ko, naye akajiambia ni joto. Siku za mvua pia lililia, na siku hizo hakujiambia kitu.

Ajabu ni kwamba kazi ya Mama ilikuwa nguo. Aliuza mitumba katika soko la Gikomba, mahali ambapo wateja walitania kwamba makoti yale ni ya Wazungu waliokufa, naye akicheka nao na kusema, "Basi vaa, mwenyewe hatakufuata, nauli ni ghali." Nguo za wafu wa ng'ambo alizishika kutwa bila wasiwasi.

Mwaka ule wa tisini na sita Khavere alikuwa kidato cha nne. Mwalimu Obura, aliyehamia shuleni kwao muhula huohuo na kukabidhiwa mambo ya vyuo, aligawa fomu moja kwa kila msichana.

"Nafasi tatu," alisema. "Wino, si penseli. Ukifuta, umejifuta. Mzazi atie sahihi, na Ijumaa asubuhi ziwe mezani pangu."

Hikma, rafiki yake wa Majengo, alikuwa ameshajaza kabla mwalimu hajafika mlangoni. "Ualimu, ualimu, na ualimu," alisema akipuliza wino ukauke. "Nataka watoto wa Pumwani wanikimbie kuliko mbwa. Na wewe? Si bado ni ile miguu mitatu yako?"

Miguu mitatu ilikuwa darubini ya wapima ardhi. Zamani kidogo, wapimaji walikuja kupima barabara karibu na shule, na mmoja wao, mzee mcheshi, akamruhusu Khavere achungulie. Ndani aliona Mbotela yote imepinduliwa juu chini: watu wanatembea miguu hewani, moshi unamwagika kuelekea mbingu ambayo imekuwa sakafu. "Usiogope," mzee alimwambia, "mashine ndivyo inavyoona. Kazi yako ni kujua kila kitu kiko umbali gani na chenzake." Tangu siku hiyo alitaka chuo kinachofundisha kazi hiyo. Hakuwahi kumwambia Mama. Alipaswa kumwambia kabla ya Ijumaa, maana baada ya Ijumaa wino ungekuwa umeshasema.

Lakini Mama alikuwa ameshaamua. Jumanne Khavere aliporudi kutoka shuleni, alimkuta amekaa kitandani, sare nyeupe magotini, sindano mdomoni.

"Amekuja tena ndotoni," Mama alisema.

"Amesema nini?"

"Hasemi. Anasimama pale mlangoni, ananitazama. Anangoja mtu wa kumshikia nafasi yake." Alikata uzi kwa meno. "Nimepunguza kiuno. Vaa tuone."

"Mama, mimi damu hata ya kuku—"

"Vaa."

Akavaa. Kitambaa kilikuwa baridi, tena kilikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya Mourine, ingawa Mourine hakuwahi kukivaa ila siku moja ya kukijaribu. Mama alimzunguka akivuta pindo, akilainisha mabega, akinung'unika kwa furaha ambayo Khavere hakuwa ameisikia kwa miaka miwili.

"Hivyo hivyo. Sasa geuka, Mourine."

Khavere akageuka.

Alikuwa ameshageuka kabla hajajua ameitwa nani. Mama hakugundua. Baba yao aligundua. Alikuwa amefika mlangoni kutoka zamu, kopo lake la chakula mkononi, na badala ya kuingia aliketi kwenye ngazi akawapa mgongo. Khavere alipovua na kumfuata nje, alimkuta anatazama viatu vyake.

"Baba, mimi sitaki uuguzi."

"Andika anachosema mama yako," Mulama alisema polepole. "Nimechoka, mwanangu. Yeye akipata usingizi, sote tutalala. Nitaweka sahihi pale atakaponiambia."

Siku iliyofuata, saa ya mapumziko, Khavere alimweleza Hikma yote.

"We! Uligeuka?" Hikma aliacha kutafuna. "Hapana, hiyo mbaya. Ukienda kule na sanduku lina jina lake, na sare yake, na mathe wako anakuita hivyo, wewe utabaki wapi?"

"Niambie basi nifanye nini."

"Yeye si anaota? Na wewe ota."

"Sijaota."

"Nani atakuuliza risiti? Mwambie Mourine amekuja kwako, amekukataza kuvaa vitu vyake. Ndoto haina shahidi, dada." Hikma alijipangusa mikono, akaridhika na hukumu yake. "Lakini usilie sana. Ukilia sana watajua unaigiza."

Alhamisi jioni Mama alikuwa kizingitini akichambua maharagwe kwenye sinia. Jua lilikuwa bado kwenye mabati ya nyumba za upande wa pili, na watoto walikuwa wakirukaruka kamba uani. Khavere alikaa karibu naye, akachota maharagwe kiganjani ili mikono iwe na kazi.

"Mama, nimeota."

"Mmh."

"Mourine amekuja."

Vidole vya Mama vikasimama. "Kwako?"

"Kwangu. Amesema nisivae nguo zake. Amesema si zangu."

Mama alimgeukia, akamtazama kwa jicho lile la Gikomba, jicho linalojua koti lililoliwa na nondo hata likikunjwa vipi. "Kila mtu hupenda kuniambia ndoto, Khavere. Hata shangazi yako aliota ninampa rinda la marehemu. Haya, niambie. Alikuwa amevaa nini?"

Swali hilo Hikma hakuwa amemwandalia. Khavere alifungua kinywa bila kujua kitakachotoka.

"Gauni la kuzikiwa," alisema. Halafu, kwa sababu ndoto lazima iwe na kitu cha ajabu, akaongeza: "Na kiatu cheupe. Kimoja tu. Mguu mwingine ulikuwa mtupu, una vumbi."

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

Sinia lilianguka. Maharagwe yalitawanyika mpaka kwa watoto wa kamba, nao wakaacha kuruka. Mama aliinuka kwa kushika mwimo wa mlango, akaingia ndani, akalivuta sanduku kutoka uvunguni. Ufunguo ulimshinda mara ya kwanza. Kifuniko kilipofunguka, Khavere aliona soksi, saa, sare ya pili, na juu ya hivyo vyote kiatu cheupe kimoja kilichojazwa gazeti. Cha mguu wa kushoto.

"Cha kulia nilimvika mimi," Mama alisema. Hakuwa anamtazama Khavere. "Kule nyumbani, kabla jeneza halijafungwa. Shangazi yako alikuwa ametoka kuwaita wabebaji. Nikamfunika shuka. Hakuna aliyeona. Hata baba yako hajui."

"Kwa nini kimoja, Mama?"

"Ili arudi kuchukua cha pili."

Uani watoto walikuwa wakiokota maharagwe kimyakimya. Khavere alitaka kusema kwamba amedanganya, kwamba hakuota kitu, kwamba maneno aliyatoa hewani. Aliyatafuta maneno hayo ya kukiri, lakini kila alipoyashika yalimuuliza: hewani wapi? Tangu mazishi hakuwa ameliona sanduku hilo likiwa wazi. Hakuwa amewahi kushika ule ufunguo.

"Kumbe anatembea hivyo," Mama alisema. "Kumbe hata kwangu anasimama mlangoni kwa sababu hawezi kukanyaga. Na yale mawe ya Khwisero yalivyo." Aliketi sakafuni, kiatu mapajani kama mtoto mchanga, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya mazishi, mpaka majirani wakaja kusimama kizingitini, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwita kwa jina lolote.

Mulama aliporudi alielezwa. Hakugomba. Aliinama akalisukuma sanduku hadi karibu na mlango, na ikaamuliwa kwamba Mama atapanda basi Jumamosi alfajiri alipeleke Khwisero, wanawake waitwe, vitu vigawanywe mpaka kiishe cha mwisho, na kiatu wajue wenyewe la kukifanyia.

"Iko wapi hiyo fomu?" Mama aliuliza baadaye, macho yamevimba. Aliipokea, akampa mumewe kalamu, naye akaweka sahihi chini ya nafasi tatu tupu. "Jaza unachotaka. Mimi sitamshika mtu tena."

Ijumaa asubuhi, darasani, Khavere aliandika upimaji wa ardhi kwenye nafasi ya kwanza. Alikuwa amengoja saa hiyo kwa muda mrefu, na alidhani mkono ungekuwa mwepesi. Aliandika taratibu, akiziangalia herufi zinavyotoka, akihakikisha kila moja kuwa ni yake. Usiku uliopita sanduku likiwa mlangoni, uvungu ukiwa mtupu, alikuwa amesikia ko chini ya kitanda, pale ambapo sasa hapakuwa na kitu.

Alimpelekea mwalimu Obura, aliyeisoma fomu, akaiinua karibu na dirisha, akaisoma tena.

"Upimaji wa ardhi? Msichana?" Hakuwa anadhihaki, alikuwa amefurahi. "Hapa wote mmeambukizana ualimu kama ugonjwa. Wewe nani amekupa wazo hili?"

Khavere alitaka kusema ni yeye mwenyewe. Alisubiri jibu hilo litoke, na halikutoka.

"Dada yangu, mwalimu."

"Unaye dada? Yuko hapa Nairobi?"

"Yuko. Kesho anasafiri kwenda nyumbani."

"Basi mshukuru kabla hajaondoka," Obura alisema, akaiweka fomu juu ya nyingine na kumwita msichana aliyefuata.