Aliyeambiwa Kwanza

Fundi cherehani alianza kumwonea wivu mpiga dramu siku aliyogundua kuwa mumewe, mwimbaji wa bendi ya roki ambaye mji mzima ulimwita Radi, alimwambia yule kwanza siri ya ugonjwa wake. Yeye mke alikuwa akipunguza majaketi ya jukwaani, mwili wa Radi ukizidi kukonda ndani yake, akiambiwa ni uchovu wa safari. Kumbe mpiga dramu alishajua ni UKIMWI, na ndiye aliyempeleka kupima.

"Kwa nini yeye?" alimuuliza mumewe.

"Yeye hakuwa na cha kunisamehe," Radi akajibu. "Wewe nilikuogopa."

Mke alipima, akakutwa hana virusi. Wivu haukumtoka. Radi naye alikuwa amechelewa mno kuanza dawa. Alipokosa nguvu za kuinuka, ndugu zake walimjulia hali wakiwa wamesimama mlangoni. Mpiga dramu aliingia, akamwogesha, akamtania mpaka mgonjwa akacheka. Mke alitaka kumshukuru, kinywa kikasema mengine: "Shemeji, taulo nitamfunga mimi."

Siku ya mazishi, mama mkwe aliwaonya mapema. "Tutasema kifua. Msiniaibishe mbele za watu."

Mpiga dramu akamnong'oneza mjane, "Shemeji, marehemu aliniachia neno. Alitaka niutaje ugonjwa wake hapa."

Hata hilo kampa huyu. Mpiga dramu alipoinuka, mjane akamvuta shati.

"Kaa. Mume ni wangu."

Akashika kipaza sauti.

"Mume wangu amekufa kwa UKIMWI. Nimemlisha, nimemkumbatia, nimelala naye kitanda kimoja mpaka juzi. Hakuna aibu hapa ya kufichwa."

Mama mkwe akajifunika uso, na kwa miezi hakumsemesha. Mashabiki wakaanza kupiga makofi, mmoja mmoja.

Baada ya wiki chache, jirani muuza viatu alikuja kwake na gauni lisilo na kasoro, eti lirekebishwe, akajizungusha kwa maneno weee, mwishowe akauliza kwa sauti ya chini mahali pa kupima. Fundi akafunga kazi, akaenda naye.

Kituoni, nesi alimtambua mjane, akatabasamu. "Yule mpiga dramu hajambo? Alikuwa hamwachi mumeo hata dakika."

Wivu ulimchoma vilevile. Akameza mate, akajibu kwamba hajambo, akamvutia jirani kiti.