Shavu la Kulia Kwanza

Redio ya chumba chetu cha kushonea hushika vizuri stesheni moja tu, ya nyimbo za Kifaransa. Maneno siyajui, ila nimeshona nguo nyingi nikizifuatisha nyimbo hizo kwa mdomo uliofungwa. Binti yangu alikulia miguuni pa cherehani akizisikia. Alipokwenda Ufaransa kusoma, akaolewa hukohuko, nilinung'unika. Mkata vitambaa mwenzangu akanicheka.

"Mbegu umepanda mwenyewe, dada. Sasa unamlaumu nani?"

Mwaka huu mkwe wangu akanitumia tiketi. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu. Mjukuu wangu ana miaka mitano na ni mwoga wa watu. Tukipigiana simu ya video hujificha nyuma ya mto, naona nywele tu. Nikawaza, nikifika akinikimbia je?

Binti yangu akanieleza kuwa huko watu husalimiana kwa kugusanisha mashavu, na kwao huanzia la kulia. Nikaamua kujifunza, ili mtoto anione kama mtu wa nyumbani. Kila asubuhi mkata vitambaa akiingia, namwendea. Siku ya kwanza miwani yetu iligongana.

"Unanisalimia au unanipiga kichwa?"

"Tulia, nijifunze."

"Basi toa pini mdomoni kwanza, utanishona."

Mpiga pasi wetu, mwanamume mkimya, alikuwa amekataa katakata kusalimiwa hivyo. Lakini siku niliyokwenda kuwaaga alikuja amenyoa ndevu. Alinikabidhi gauni langu la safari, amelinyoosha hadi mikunjo ya mfukoni, kisha akanitolea shavu, macho ameyafumba kama anayengoja sindano. Wema ule nilisafiri nao.

Kwenye uwanja wa ndege binti yangu alinikumbatia, akalia kidogo, nami nikalia kidogo. Mtoto alikuwa nyuma ya miguu ya baba yake. Sikumwita wala sikumvuta. Niliinama polepole, nikatoa shavu la kulia, nikangoja.

Naye akachomoka ghafla, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi."

Kichwa chake kikanigonga kidevuni, meno yakalia.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikasema, nikishika kidevu.

"Jamani, Mama," binti yangu akasema huku akicheka. "Amefanya mazoezi mwezi mzima. Amemwamkia dubu wake wa kitambaa mpaka dubu kachoka."

Mtoto akaninong'onezea kitu kwa Kifaransa.

"Anauliza kama umeumia."

"Mwambie nimezoea. Yule mwenzangu niliyejifunza naye ana kichwa kigumu zaidi."

Aliposikia hayo kwa lugha yake alicheka, akanisogelea hadi nikahisi pumzi yake. Kisha, bila kusukumwa na mtu, akanipa shavu. Alinipa la kushoto, nami nilikuwa nimejiandaa kwa la kulia. Nikalipokea hivyohivyo.