Yadi Sitini Hadi Jikoni

Jumamosi saa nane na nusu mchana, Ozella Tarver alifika nyuma ya milingoti ya kaskazini ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani na kiti chake cha kukunja, chupa ya chai na mto mdogo wa kuegemea mgongo. Kazi yake ilikuwa moja tu: mpira ukipigwa teke ukapita juu ya wavu, aufuate aurudishe. Alikuwa na miaka sabini na saba. Chuo cha Wexley, hapo Alabama, kilimpa kazi hiyo alipostaafu upishi, kwa sababu alikataa kukaa nyumbani, na pia kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na uso wa kubisha hodi kule mipira ilikoangukia.

Nyuma ya wavu palikuwa na maegesho ya magari. Lakini mpira uliopigwa sawasawa haukuangukia kwenye maegesho. Uliangukia mtaa wa Sweetgum, ambao chuo kiliubomoa mwaka sitini na sita. Watu waliokuwa wakichoma mbavu pembeni mwa magari yao walisogeza viti mtaa ulipochomoza, na ulipoondoka wakavirudisha. Aliyelalamika ni bwana mmoja tu, na alichokilalamikia ni vumbi kwenye nyama.

Vipimo Ozella alivijua kwa moyo. Teke la yadi arobaini na tano lilifika kwenye uzio wa nyumba ya Mama Lucinda, mzazi wake, aliyefariki mwaka sabini na moja. La hamsini lilipanda barazani. La hamsini na tano liliingia sebuleni. Nyumba ilijitokeza hadi pale mpira ulipofika, si hatua zaidi. Baada ya hapo ni magari. Jikoni hakujawahi kufika mpira, maana jikoni kulidai sitini na kitu, na wapiga teke wa Wexley wa miaka yote walikuwa na miguu ya kufukuzia kuku.

Ndipo akaja Toby Haskins kutoka Iowa, mwembamba kama ufito, masikio kama vishikio vya sufuria, mguu wa kulia kama mpini wa shoka. Kocha Ledbetter alimhesabu kwa pointi. Ozella alimhesabu kwa vyumba.

Msimu ule Ozella alishafika sebuleni mara mbili. Mara zote mbili mama yake alimpa mpira bila kumwangalia usoni.

"Mama, nina jambo."

"Kubwa au dogo?"

"Kubwa."

"Basi si la sebuleni. Mambo makubwa tunayaongelea jikoni. Na futa miguu, nimetoka kupiga deki."

Pale barazani ndiyo kabisa usiseme. Bi Gaither wa nyumba ya pili alikaa barazani kwake sikio wazi, na kufa hakukumpunguzia hamu ya habari za watu.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mama Lucinda hakujua kusoma. Karatasi ya chuo ya kuchukua nyumba ilipoletwa, aliyemsomea ni Ozella, wakati huo binti wa miaka kumi na tisa. Akasoma yote, isipokuwa mstari mmoja aliouruka, uliosema mwenye nyumba ana haki ya kukataa na kwenda mahakamani. Aliuruka kwa sababu mtu wa chuo alikuwa amemnong'oneza kwamba kuna nafasi ya kazi jikoni mwa chuo. Mama akatia dole gumba. Ozella akapata aproni, akaivaa miaka arobaini na minne, na mstari ule ukamkaa kooni kama mwiba wa kambale.

Sasa Toby alikuwa anamaliza masomo. Mechi ya mwisho ya nyumbani ilikuwa Jumamosi hiyo. Baada yake angekuja mwenye mguu wa kufukuzia kuku.

Siku tatu kabla ya mechi, Ozella alimfuata kocha uwanjani.

"Kocha, Jumamosi huyu mtoto mpe teke la mbali. La sitini."

"Bi Ozella, mpiga teke si mchezaji. Mpiga teke ni hali ya hewa. Ikiwa nzuri unashukuru, ikiwa mbaya unafungua mwavuli."

"Hiyo hali ya hewa imekushindia mechi nne mwaka huu. Hata sahani ya kuku kwenye meza ya timu hujampa."

"Hana ufadhili wa masomo. Asiye na ufadhili hana meza. Sikuitunga mimi sheria hiyo."

"Hukuitunga, ila unaila vizuri."

Kocha akacheka, akapuliza filimbi. Meza haikuongezwa kiti.

Kwa hiyo Toby alikula kwa Ozella, kama alivyokula miaka mitatu.

"Bi Ozella, hii sahani ya tatu."

"Kula. Mguu wenye njaa hauendi mbali."

"Lakini napiga kwa mguu mmoja tu, bibi."

"Basi kula kwa niaba ya huo mmoja, mwingine uangalie."

Kumshibisha Toby ilikuwa nusu ya kazi. Teke haliwi refu bila timu kukwama mbali na milingoti, na timu ya Wexley ilikuwa na Marquis Dupree, mkimbiaji ambaye hakukwama kwa urahisi. Asubuhi ya mechi Ozella akamwachia Marquis pai tatu za viazi vitamu mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, na kikaratasi: *Kwa ajili ya nguvu.* Hazikuwa na dawa yoyote. Zilikuwa na siagi na sukari, vitu ambavyo havijamdhuru mtu, ila vimewachelewesha wengi.

Marquis alizila zote tatu. Alikuwa kijana mwenye adabu.

Hadi robo ya mwisho alikimbia kama mtu anayetafuta kivuli. Zikiwa zimebaki sekunde nne, Wexley wakiwa nyuma kwa pointi mbili, alishika mpira, akachomoka, akapunguza mwendo, akashika tumbo, akaangushwa na jitu la kilo mia na hamsini. Uwanja mzima ukaguna. Ozella akafunga chupa yake ya chai.

Kutoka pale hadi milingotini zilikuwa yadi sitini na moja, na teke likipita kati yake lingeleta pointi tatu.

Kocha aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaona hana mwavuli. "Haskins! Nenda."

Kocha wa wageni akaomba mchezo usimame, ili Toby apate muda wa kuogopa. Uliporejea, akaomba tena. Toby alitumia muda huo kukuna sikio. Ozella aliutumia kuanza kutembea, maana kwa umri wa miaka sabini na saba mtu hawezi kungoja mpira upigwe ndipo ainuke.

Alisikia teke akiwa amewapa mgongo. Lililia kama mlango wa zizi unaobamizwa na upepo. Mpira ukampita juu ya kichwa, bado ukipanda. Nyuma yake watu elfu ishirini walipiga kelele, na mbele yake wachoma mbavu wakaanza kuinua viti.

Safari hii nyumba ilikuja nzima: uzio, baraza, sebule, na nyuma yake jiko lenye bomba la moshi.

"Unaenda ndani leo?" Bi Gaither aliuliza kutoka barazani kwake.

"Naenda ndani."

"Hm," alisema Bi Gaither, akasogeza kiti karibu na dirisha.

Mama Lucinda alikuwa mezani akimenya kunde. Mpira ulikuwa ndani ya bakuli, juu ya maganda. Ozella akafuta miguu, akaketi, akasema yote kwa pumzi moja: karatasi, mstari, aproni. Mama hakuacha kumenya.

"Mstari ule mchungaji alinisomea kesho yake," alisema.

"Ulijua? Na hukwenda kuwakatalia?"

"Kina Gaither walikataa. Wakaenda mahakamani na kofia zao za Jumapili. Wakavunjiwa nyumba kuku wakiwa ndani. Nikasema, kama wanabomoa kwa ndiyo na wanabomoa kwa hapana, angalau mmoja wetu ale mshahara." Akamsukumia rundo la kunde. "Una mikono, menya."

Ozella akamenya. Kooni palikuwa pepesi. Alimeza mate mara mbili tatu kupajaribu.

"Wanashangilia nini huko nje?" mama aliuliza.

"Pointi tatu."

"Na ile shule ya wauguzi waliyosema wanataka kuijenga hapa, ilikwenda ghorofa ngapi?"

"Haikujengwa, mama. Ni maegesho ya magari."

"Ya wauguzi?"

"Ya watu wa mpira. Hujaa siku saba kwa mwaka."

Mama Lucinda aliwaza kidogo. "Lami nzuri lakini?"

"Nzuri sana."

Hodi ikabishwa. Alikuwa Bwana Purvis, msimamizi wa maegesho, na fulana yake ya kung'aa na ubao wa kuandikia. Alivua kofia, maana alilelewa vizuri.

"Samahanini, akina mama. Nyumba hii imekaa kwenye nafasi mia na kumi na nne hadi mia na kumi na tisa. Hizo ni za wafadhili, na wafadhili wana karamu jioni. Sasa ni saa kumi na moja na nusu; naomba iwe imeondoka kufika saa kumi na mbili."

Mama Lucinda alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Safari ile mlinipa siku tisini," alisema.

Bwana Purvis akageuza kurasa za ubao wake, mbele na nyuma, akitafuta kwa moyo safi. "Nikijitahidi sana, mama, naweza kufika saa kumi na mbili na nusu."

"Asante, mwanangu." Akamgeukia Ozella. "Koleza moto. Kunde hizi huiva kwa saa moja."