Mkono wa Kushoto wa Joho

Majoho yote ishirini na saba niliyashona mimi, na la mwisho nililimaliza kwa hasira.

Wenye uwezo wa kupeleka watoto shule za kulipia walizoea kuiita shule yetu ya serikali ghala. Haya, mwaka huu ghala limetoa watoto ishirini na saba waliochaguliwa kwenda vyuoni, na mtaa mzima ukaamua kuwasherehekea. Utaratibu wa Mwalimu Mkuu ni huu: mhitimu akiitwa, mtu wake mmoja hupanda jukwaani kumvisha joho. Mmoja tu, ugomvi usiwepo.

Mmoja wao ni binti niliyemlea mimi tangu ana miaka minne. Kumzaa alimzaa mdogo wangu, akaenda kutafuta maisha, tukabaki kupata salamu. Siku moja kabla ya sherehe akatokea na viatu vya visigino virefu, akaketi kwenye kiti cha wateja wangu.

"Dada, kesho nitamvisha mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na kulea mimba si kazi," nikamjibu, "kazi kulea mwana."

Akaanza kulia. Binti alikuwa amesimama mlangoni, anatutazama kwa zamu, midomo imemkauka. Nikamwonea huruma. Nikasema sawa, mvishe.

Mdomo ndio uliosema sawa. Walipotoka nilishika sindano, nikaufunga mkono wa kushoto wa joho la binti kwa mishono mitatu, ndani kabisa, pasipoonekana. Ahangaike kidogo mbele za watu, nilisema moyoni. Ajue kuvisha mtoto si sawa na kushuka kwenye basi.

Kulipokucha hasira ilikuwa imekwisha, imeniachia aibu. Atakayekwama mkono jukwaani si mdogo wangu, ni mtoto! Tena yeye ndiye aliyeongoza shule nzima, angeitwa wa mwisho, macho yote yakiwa kwake. Nikakimbilia msumari ninapotundika kazi zilizokamilika. Joho halipo. Wahitimu walikwisha kuyapeleka shuleni kuyapiga pasi.

Mlinzi wa geti akanizuia. "Wazazi ni saa nne, mama."

"Mimi ndiye fundi!"

"Hata fundi ana saa yake."

Saa nne nikaketi mstari wa tatu, mkasi mdogo nimeuficha kwenye mkoba. Mtoto wa muuza mkaa akaitwa, anakwenda kusomea udaktari; baba yake alimvisha kwa ncha za vidole, asilichafue joho. Pacha wa fundi baiskeli wakavishwa, mmoja na baba, mmoja na bibi. Watu walishangilia mpaka mabati ya darasa yakalia. Mimi sikupiga hata kofi moja. Nilikuwa nahesabu: ishirini na nne, ishirini na tano. Hasira hasara, najua, lakini hasara hii nilikuwa nimemshonea mtoto asiye na kosa.

Binti akaitwa. Mdogo wangu akapanda, visigino vikigonga mbao. Akalikunjua joho. Mkono wa kulia ukaingia.

"Subiri!" Nilikuwa nimesimama, mkasi juu.

Uwanja mzima ukanigeukia. Na pale pale, mkono wa kushoto ukapita mpaka mwisho, vidole vyote vitano vikatokea.

Nikabaki nimesimama. Laiti ardhi ingepasuka.

"Yule pale na mkasi wake," Mwalimu Mkuu alisema kwenye kipaza sauti, "ndiye aliyeshona majoho yote! Makofi kwa fundi!"

Wakapiga makofi. Hakuna makofi yaliyowahi kuniuma vile.

Binti alishuka akaja moja kwa moja kwangu. Akanishika mkono, akanibandika kitu kiganjani: vipande vitatu vya uzi mweusi.

"Niliukuta nikipiga pasi," alininong'oneza. "Mshono wako naujua, mama mkubwa. Si wewe uliyenifundisha kufumua?"

"Mwanangu, nisamehe. Mama yako..."

"Hajui. Wala hatajua."

Kisha akanigeuzia mgongo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa nyuma, "Kola yangu imekaa vibaya. Niwekee sawa."

Kola haikuwa na kosa lolote. Niliiweka sawa hivyo hivyo, machozi yakidondokea joho.