Chaki ya Tatu

Siku ya kulinganisha alama nilivaa soksi mbili mbili. Mimi nikiogopa, miguu ndiyo inayotangulia kupoa, na sakafu ya ukumbi wa chuo cha ualimu ni saruji tupu. Walimu wa sanaa tukifika pale tunavua viatu mlangoni, maana kazi za wanafunzi zinatandazwa chini na hakuna anayetaka kusikia kwamba picha ya mtoto wa watu imekanyagwa. Asubuhi ile tulikuwa kumi na sita. Nilivua vyangu wa mwisho, nikainama kufungua kamba ambazo zilikuwa zimeshafunguka.

Kila mwaka, kabla alama za mwisho hazijapelekwa, walimu wa sanaa wa shule za karibu tunakutana ili mmoja asiwe mkarimu wa alama na mwingine bahili. Kila mwanafunzi ana picha moja kuu. Jina lake limefunikwa kwa kipande cha karatasi ya kaki, juu yake imeandikwa namba. Tunapita katikati ya mistari bila kuzungumza, kila mmoja na vipande vya chaki nyeupe mkononi. Ukiona picha ambayo mkono wa mwalimu umeingia, unaweka kipande kimoja juu yake na kuendelea na safari. Chaki tatu, picha inageuzwa uso chini. Mwanafunzi anapata sifuri, jina linafunuliwa, na mwalimu wake anasimama mbele za wenzake kujieleza.

Katika miaka yangu kumi na miwili nilikuwa nimeona picha ikigeuzwa mara mbili. Mwalimu wa kwanza siku hizi anafundisha jiografia. Wa pili sijui yuko wapi, wala hatumtaji.

Na mimi mkono nilikuwa nimeuingiza. Namba thelathini na moja.

Niseme yote. Nyumbani kwangu ninaishi na mama yangu na mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye tunamwita Kasuku kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza. Nimemlea tangu ana miaka mitano. Ni mwanafunzi wangu pia, na masomo mengine yote yanampiga chenga. Hesabu haziwezi, fizikia ndiyo usiseme. Kuchora tu ndiko anakoweza, na chuo cha sanaa alichoomba kinatazama alama ya picha hiyo moja. Wiki ya kukusanya kazi akashikwa na homa kali, akalala na kuweweseka, na nyumba ikawa kimya mpaka ikanitisha. Mimi ndiye niliyeitoa picha yake chini ya kitanda kuipeleka shuleni.

Alikuwa amemchora bibi yake, yaani mama yangu, akitunga uzi kwenye sindano. Uso ulikuwa mama mtupu, hadi ile mikunjo ya mdomo anayoikunja akikazana. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umeachwa njiani. Mistari michache, myepesi, haikushikana, na vidole vilikuwa havijaifikia sindano. Niliiweka picha mezani jikoni. Nikajiambia homa imemkatiza mtoto, na hakuna mtu atakayemwonea huruma kwa homa. Saa nane mchana, mchana kweupe, nikachukua penseli nikaumalizia mkono ule.

Sikufanya kizembe. Walimu wenzangu wananiita Mapengo, ingawa meno yangu yote yapo. Ni kwa sababu ya vidole ninavyovichora: mstari wangu hukatika kwenye kila kifundo, kisha huanza tena mbele kidogo. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakutana darasani kwa mmoja wetu na kuchorana sisi kwa sisi. Shuleni kwetu mwalimu wa sanaa ndiye anayetafutwa kuandika mabango na kupamba jukwaa, na walimu wa hesabu wanamwona kama mtu aliyeajiriwa kucheza. Jumamosi ile ndiyo siku ninayokuwa mwalimu kamili. Tunazungusha karatasi, tunachekana masikio na pua, na kwa miaka hiyo yote kila mmoja ameujua mkono wa mwenzake kuliko anavyoujua mwandiko wake. Kwa hiyo nilipomchorea Kasuku niliziba kila pengo. Mstari mmoja, mzima, toka ukucha hadi kiganja. Nilijiona mjanja, na tangu siku hiyo sikupata usingizi wa maana.

Sasa nilikuwa napita kati ya mistari na chaki zimeanza kulowa jasho kiganjani. Hakuna sauti ila soksi zikikwaruza saruji. Nilijitahidi nisiitazame thelathini na moja, kisha nikaona kutoitazama kabisa ndiko kutakakonichongea, nikaitazama kama wanavyoitazama wengine, nikapita. Nyuma yangu nikasikia magoti yakilia. Nikajua bila kugeuka kwamba ni Mama Udongo.

Mama Udongo ni mwalimu wa ufinyanzi na ni rafiki yangu. Ameuchora mkono wangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mimi wake. Alichuchumaa pale, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akainamisha kichwa upande mmoja. Nilisimama mbele ya picha ya chungu cha maua, nikaikodolea macho, na hadi leo sijui kilikuwa na maua gani.

Akainuka. Hakuweka chaki. Akaenda zake.

Nilishusha pumzi polepole, vipande vipande, asijue mtu. Kasuku amepona, nikawaza, na chuo amepata. Nilitamani kucheka. Ndipo nilipoona weupe kwenye mstari wa mwisho. Vipande viwili vya chaki juu ya namba arobaini na nne.

Nilisogea. Picha ilikuwa ya mwanamume akiziba pancha ya baiskeli, mikono yake miwili imeukamata mpira. Vidole kumi, na kila kidole kilikuwa na mapengo. Kwenye kila kifundo mstari ulikatika ukaanza tena mbele kidogo, kama ninavyofanya mimi, labda kuliko ninavyofanya mimi. Ilikuwa kazi ya Kifutio.

Huyo ni binti wa darasa lile lile la Kasuku, na yule mwenye baiskeli ni baba yake. Anakaa nyuma, karibu na kabati, na nilimpa jina hilo kwa sababu kila anachochora anakifuta na kukirudia mpaka karatasi inaota manyoya. Hajawahi kuniuliza swali. Kazi yake ni kuutazama mkono wangu ninapochora ubaoni. Picha ile nilikuwa nimeipokea kwa mikono yangu na kuipa alama, na sikuona kitu. Nani anayaona mapengo yake mwenyewe? Isitoshe, wiki ile sikuwa na macho ya mtoto mwingine yeyote ila wa kwangu.

Mama Udongo alikuwa amekwisha fika upande wa pili wa picha ile. Aliitazama mikono, akanitazama mimi. Macho yake yalijaa maji. Akainama, akaweka chaki ya tatu.

Mwenyekiti wetu tunamwita Mzee Rula, kwa rula ya mbao isiyobanduka mfukoni mwa shati lake. Alikuja akaziweka chaki kando, akaigeuza picha uso chini. Akabandua karatasi ya kaki, akasoma jina la mwanafunzi, akasoma jina la shule. Yangu.

"Mwalimu, sogea mbele tafadhali."

Nilisogea. Wenzangu walikuwa wamesimama pande zote na soksi zao, mmoja ana tundu kwenye kidole gumba, na hakuna aliyekuwa tayari kuniangalia usoni.

"Mapengo," akasema Mzee Rula, na mara hii jina halikumchekesha mtu. "Vidole hivi ni vya nani?"

"Vya mwanafunzi wangu."

"Tumevichora pamoja nawe miaka kumi na miwili. Leo unataka kutuambia hatuvijui?"

"Amejifunza kwangu, Mzee. Hasemi, ananitazama tu. Hebu inueni karatasi muione kwenye mwanga. Ameifuta mpaka inataka kutoboka. Mimi sifuti, mnanijua."

Mzee Rula aliiinua kuelekea dirishani. Kweli mwanga ulipenya sehemu za mikono. Akaishusha.

"Anayeficha mkono wake naye hufuta," akasema.

"Mwenzangu," akanong'ona Mama Udongo, "sema tu yaishe."

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu yenyewe. Ile ya asubuhi ilikuwa mchezo. Maana mimi nilikuwa nimeshaharibikiwa tayari. Nikisema nisiseme, adhabu ya mwalimu ilikuwa imenifika, na haikuwa na nyongeza. Kilichobaki kilikuwa watoto wawili walioomba chuo kimoja. Nikinyamaza, Kifutio atachukua sifuri kwa mikono ya baba yake aliyoichora kwa jasho lake, na Kasuku atapita kwa mkono nilioiba. Hakuna ambaye angejua. Nikisema, nitakuwa nimemchukua mtoto wa marehemu dada yangu, mwenye jambo moja tu analoliweza duniani, nimemkata mguu mbele za watu. Nilimwona dada hospitalini, akiniambia kwa sauti iliyokwisha, "Huyu ni wako sasa."

Nilifungua mdomo niombe maji. Badala yake nikasema, "Namba thelathini na moja."

"Ina nini?"

"Mkono wa kulia wa yule bibi. Ule ndio wangu."

Wakageuka wote. Wakaiendea, mimi nikifuata nyuma kama mgeni. Mama Udongo akachuchumaa tena.

"Hauna mapengo," akasema.

"Nimeyaziba. Mimi nikiiba naficha, mwenzangu. Tazama ninavyoficha. Sasa niambieni, ningekuwa nimemchorea yule wa baiskeli, ningewaachia vidole kumi vyenye jina langu?"

Mama Udongo alipitisha kidole hewani juu ya mkono ule, bila kugusa, akaufuata mstari kutoka ukucha hadi kiganja. Nilimwona anavyoutambua. Kwenye kila kifundo kidole chake kilisita kidogo, pale pale ambapo mstari wangu ungekatika.

"Ni wewe," akasema. Aliinuka, akaenda kwenye arobaini na nne, akaigeuza uso juu, akavirudisha vile vipande vya chaki mfukoni mwake kimoja kimoja. "Mtoto wa watu huyu," akasema, "nilikuwa nimemzika mzima mzima."

Mzee Rula aliitoa rula yake mfukoni, akairudisha. "Mwanafunzi wa thelathini na moja ni nani?"

"Ni binti yangu."

Akafumba macho kidogo. "Basi igeuze mwenyewe."

Nilipiga magoti. Mama yangu alinitazama kutoka kwenye karatasi, mdomo ameukunja, akitafuta tundu la sindano. Nikamgeuza uso chini. Karatasi ilitoa sauti ndogo sana.

Nilipewa miaka mitatu ya kutoleta kazi na barua ya kumpelekea mkuu wa shule. Niliuliza kuhusu Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wakatazamana. Mlangoni nilivaa viatu peke yangu, na kamba zilinishinda, nikaondoka zikiburuzika.

Nyumbani niliwakuta barazani. Kasuku alikuwa amepata nguvu na mdomo umemrudia. Hata kukaa sijakaa: mama mdogo mbona umechelewa, mama mdogo walisemaje, walisimama pale kwangu, nani aliipenda, sema basi. Mama alikuwa kando yake na nguo ya kushonea mapajani. Nilibaki nimesimama. Nilijua nikikaa sitasema.

Nilimwambia yote, tangu meza ya jikoni hadi magoti yangu kwenye saruji. Nilimwambia alama ni sifuri na chuo ndio basi mwaka huu. Nilingoja apige kelele. Ningeshukuru angepiga kelele.

Kasuku alinyamaza. Sijawahi kumwona amenyamaza akiwa macho, na nilimwogopa kuliko nilivyowaogopa wale kumi na tano.

"Mkono upi?" akauliza mwishowe.

"Wa kulia. Ulikuwa hujaumaliza, mwanangu. Mistari imeachana, vidole havijaifikia sindano. Nikaona ni ile homa. Nikakumalizia."

"Ukaishikanisha mistari?"

"Niliishikanisha."

Aligeuka akamtazama bibi yake. Mama alikuwa ameinua sindano juu kwenye mwanga, mdomo ameukunja, na uzi ulikuwa ukienda huku na huku mbele ya tundu bila kuingia. Ni mwaka mzima sasa anampa sindano kila anayepita amtungie. Nilikuwa nimezoea kumtungia huku nikizungumza mengine.

"Nilikuwa nimeumaliza, mama mdogo," Kasuku akasema. "Mkono wa bibi unatetemeka."

Mama akachoka kujaribu. Akaninyooshea sindano na uzi, mimi niliyekuwa karibu.

"Hebu nitungie, mwanangu."

Nikaipokea, nikajaribu. Uzi ukapita pembeni ya tundu.