Simu ya Wakubwa

Kuramochi Naoto alijua tangu siku ya kwanza kwamba anaharibu, na akaharibu hivyo hivyo. Ndiye fundi pekee wa kompyuta katika kiwanda kile cha vipuri pale Hamamatsu, Japani, na kazi aliyopewa haikuwa ngumu: awagawe watu katika vikundi kwenye mtambo wao wa kompyuta, kisha kila mtu, akishaandika nywila, athibitishe kwa simu yake mwenyewe kwamba ni yeye anayeingia. Mafundi wa karakana walikubali. Watu wa mauzo walinung'unika, wakakubali. Wakabaki wakubwa.

"Yaani kila nikifungua kompyuta nitoe simu, nijieleze kwamba mimi ndiye Sugimori?" mkuu wa idara alimuuliza mbele ya watu. "Hiyo simu mpe Bi Tsukuda. Kwani muhuri wangu si anao yeye miaka yote?"

Watu wakacheka. Kumkatalia mkubwa hadharani, nani ana kifua hicho? Basi Naoto akawatia wakubwa wote katika kikundi kimoja, maombi yao yote ya kuthibitisha akayaelekeza kwenye simu moja, na simu yenyewe akaiweka mezani kwa Bi Tsukuda Hatsue, karani mtu mzima aliyekuwa akiwapigia wakubwa mihuri tangu Naoto hajaajiriwa.

"Ikilia nifanyeje?" Bi Tsukuda aliuliza.

"Bonyeza Kubali."

"Nisimuulize mkuu kwanza kama ni yeye?"

"Ukianza kumuuliza utamchosha, halafu kelele nitapigiwa mimi. Wewe bonyeza tu, Bi Tsukuda."

Akawa anabonyeza. Alhamisi moja, saa ya chakula, mwizi aliyekwisha kuiba nywila ya mkuu akajaribu kuingia. Simu ikalia, mama wa watu akaweka vijiti chini, akabonyeza, akaendelea na wali wake. Michoro ya vipuri vya mteja wao mkubwa ikaibwa yote.

Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi ambacho wote husimama, Sugimori aliuliza nani aliyekubali. Bi Tsukuda akajitokeza, akainama mpaka mvi zikamfunika uso.

"Ni mimi. Uzembe wangu."

Hakumtaja aliyemwelekeza. Naoto alikuwa nyuma yake pale pale, maneno yamemfika mdomoni: nilimwambia mimi. Akaangalia viatu vyake. Sugimori naye alikuwa anaangalia dari.

Mkataba wa Bi Tsukuda haukuongezwa. Siku yake ya mwisho alizunguka meza kwa meza na boksi la biskuti, kama wafanyavyo wote wanaoondoka, akiomba radhi kwa usumbufu. Naoto alipomwona anakaribia alitamani kukimbilia chooni, lakini akajiapiza: leo nasema, wakinifukuza na wanifukuze.

"Bwana Kuramochi." Alimwekea biskuti mbili, wenzake aliwapa moja moja. "Ulijitahidi kunielekeza, mimi nikakuaibisha. Mkuu hakukugombeza sana?"

Aliuliza kwa dhati kabisa, na hilo ndilo lililommaliza Naoto. Watu wa meza za jirani walikuwa wanasikiliza. Akasimama, akainama, akafungua mdomo.

"Pole na kazi," akasema, kama wanavyoambiana kila jioni wakitoka.

"Asante, mwanangu," akajibu Bi Tsukuda, akaenda meza inayofuata.