Ukili wa Bushra

Nilikwenda kisiwani Fuma, karibu na Kismayo, mwezi wa tatu kuipaka chokaa nyumba ya mama na kuezeka makuti mapya kabla mvua haijaingia. Ndivyo nilivyomwambia mume wangu Mombasa, na ndivyo nilivyomwambia mama kwenye simu. Nililolificha ni kwamba nilitaka dada yangu Bushra, aliyepotea tulipokimbia vita mwaka 1992, asomewe hitima kama marehemu wengine, kisha nimchukue mama nikakae naye kwangu. Mimi si mtu wa kuzungusha maneno, muulizeni yeyote, lakini kwa mama huwa nazungusha mpaka kizunguzungu kinanipata mwenyewe.

Mama, Mwanalima bint Famau, alirudi kisiwani kambi yetu ya wakimbizi ilipofungwa. Aliikuta nyumba imevuliwa kila kitu. Milango ilikuwa imeng'olewa, boriti zimechukuliwa, hata jiwe la kusagia lilikuwa limepata miguu. Kilichobaki ni ukili wa Bushra tu, ule ukanda wa miyaa ya ukindu iliyosukwa ambao hushonwa ubavu kwa ubavu na mwenzake ukawa mkeka. Ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wa chumba cha nyuma, pale pale mwenyewe alipouacha.

Kwetu ukili ukiisha, ncha yake hufungwa na mkono uliouanza. Mtu mwingine akiufunga, amesema kwamba mwenyewe amekufa. Kwa hiyo mama hakuufunga, na kwa hiyo hitima haikusomwa, mwaka hadi mwaka, na kila nilipolitaja jambo hilo simu ilikuwa mbovu ghafla.

Bushra alisukia mkono wa kushoto. Miyaa yake ililala upande wa pili, na ukili wake haukukubali kushonwa na wa mtu mwingine, kwa sababu huu ulivuta huku na ule ulivuta kule, mkeka ukajikunja. Mama alimgombeza sana kwa hilo. Mimi nilikuwa na miaka saba na nilifurahi akigombezwa, maana siku hiyo mimi nilisalimika.

Siku ya kwanza nilianza na chumba cha mbele. Mukhtari, fundi wa makuti, alikuwa juu ya paa akiteremsha yaliyooza, na takataka zote zilinimwagikia kichwani. Nilipoingia chumba cha nyuma kutafuta ndoo, niliuona ukili. Ncha yake ilinifika kifuani. Paka wa mama alikuwa amelala chini yake. Mama alimwita Karani, kwa vile hukaa wima akitazama watu kama anayewaandika majina. Lakini siku hiyo hakukaa wima. Alilala kiubavu, mgongo umeinuka, ameegemea kitu, na mahali pale hapakuwa na kitu. Ukuta ulikuwa mbali naye hatua mbili nzima.

Nilimfukuza. Alinitazama kwa dharau akarudi kuegemea pale pale.

Siku ya pili ncha ya ukili ilinifika kiunoni. Nilijiambia kwamba jana sikutazama vizuri. Siku ya tatu ilinifika mapajani, na hapo sikujiambia kitu. Nilishika ile sehemu mpya. Miyaa ilikuwa bado ina unyevu wa kurowekwa, na ililala kushoto.

Niseme ukweli, niliogopa. Nikiogopa mimi huwa mkali, na Mukhtari ndiye aliyekipata. Nilimwambia makuti yake yamekaa kama nywele za mgonjwa. Akanijibu taratibu kwamba paa la mbele atalimaliza leo, ila la chumba cha nyuma ataliezeka wakati wa asubuhi tu. Jua likifika utosini hapandi pale. Nilimuuliza kwa nini. Akasema nimuulize mama, akashuka kwenda kuswali adhuhuri.

Adhuhuri hiyo hiyo, ili chumba cha nyuma kipakwe chokaa, ilibidi nilisogeze kasha. Ni kasha la mbao ambalo mama alilinunua Kismayo aliporudi, na lilikuwa zito kupita kiasi, kwa hiyo nililifungua nipunguze vitu. Ndani mlikuwa na mikunjo ya ukili. Mmoja juu ya mwingine, mpaka chini, ya chini imegeuka kahawia, ya juu bado inanukia ukindu. Yote ilikuwa ukanda mmoja usiokatwa, na wote ulilala kushoto. Mkia wake ulipita nyuma ya kasha, ukapanda ukutani hadi kwenye msumari. Miaka yote ya mama pale kisiwani ilikuwa humo.

Nikageuka, na mama alikuwa mlangoni na bakuli la miyaa iliyorowekwa. Hakushtuka wala hakunigombeza. Aliketi chini ya msumari, akauvuta ukili mapajani, akaanza kusuka. Mama aliyefundisha nusu ya wanawake wa Fuma kusuka kwa mkono wa kulia alikuwa anasukia wa kushoto, polepole, ulimi umetokeza kidogo kama mtoto wa chuo cha Kurani. Karani alikuwa upande wake wa pili, ameegemea palipo patupu. Kumbe hii ndiyo saa ambayo Mukhtari hapandi paa.

Nikaketi kwenye sakafu yenye chokaa. Nilicheka kidogo, kwa kuona kwamba mwisho wa mambo ni mama tu. Nikamwambia amenitia hofu siku tatu nzima bure.

"Mimi husuka shibiri moya," alisema kwa lahaja ya kisiwani, bila kuinua macho. "Asubuhi hukuta mbili."

"Na ya pili anasuka nani?"

"Mchu mwenye ukili wake."

Akanionyesha. Shibiri yake ilikuwa na mashaka, imekazwa hapa na kulegea pale. Iliyotangulia ilikuwa imenyooka, laini, ya mkono uliozaliwa hivyo. Sikuhitaji kuambiwa ni mkono wa nani.

Kisha mama akaniambia lile ambalo hakuwahi kulisema kwenye simu wala kambini. Siku ile ya kukimbia, watu wameshajaa chomboni na risasi zinasikika nyuma ya kijiji, alimwona Bushra akiruka majini na kukimbia kurudi nyumbani. Nahodha hakungoja. Mama alijua alichokifuata. Asubuhi ile ile alikuwa amemgombeza kwamba mtu haachi ukili katikati, na mtoto alimtii. Ndiyo maana husuka kila siku. Anamsaidia mwanawe kazi aliyoifia.

Nilikuwa na maneno machache tu ya kusema, na nilikuwa nimeyabeba tangu nina miaka saba. Ningeweza kuyarudisha kooni, kama nilivyozoea. Ukili uliokuwa mapajani mwa mama ulinitazama, au niliona hivyo.

"Hakurudi kwa ukili, mama. Alirudi kwa Pamba."

Pamba alikuwa paka wetu wa wakati huo, mweupe, wangu mimi. Nilimlilia chomboni. Nilimshika Bushra nguo nikamwambia kwamba asiponiletea Pamba sitasema naye tena maisha yangu yote. Akanipangusa kamasi kwa kitambaa chake, akaruka.

Mama aliuweka ukili chini. Kisha akanisukumia bakuli la miyaa.

"Keti hapa. Shibiri ya yeo suka wewe."

Nilisukia mkono wa kushoto. Ilikuwa kazi mbaya, ya kuaibisha, na mama hakurekebisha hata mwaa mmoja. Nilipomaliza alipima kwa mkono wake, akasema ni shibiri kamili, akatoka kwenda kupika.

Asubuhi tuliingia pamoja. Mama alipima kutoka ncha hadi pale kazi yangu mbovu ilipoanzia. Moja. Akapima tena. Akapima mara ya tatu, akigandamiza vidole kama vile shibiri ya pili imejificha katikati ya miyaa. Karani alikuwa katikati ya chumba, ameketi wima, anatutazama.

"Hakuja," mama alisema. "Ukili haumshiki tena."

Halafu akalia. Hakuwahi kulia chomboni wala kambini. Alilia kilio cha aliyefiwa siku hiyo hiyo, mikono kichwani, mpaka Mukhtari akashuka kwenye ngazi na kusimama mlangoni akiwa na kuti mkononi. Nilikuwa nimepata nililolijia, na ningetoa chochote niyameze tena maneno yale. Nilimshika mama mabega. Nilidhani atanisukuma.

Alipotulia alimtuma Mukhtari msikitini awaambie kwamba hitima ya Bushra itasomwa Alhamisi. Kisha akauchukua ukili, akanitia ncha yake mkononi.

"Funga wewe, Wafaa. Alirudi kwa ajili yako."

Niliikunja miyaa, nikaipitisha ndani, nikaikaza kwa mkono wa kushoto. Mama aliniangalia mpaka mwisho. Karani akaja akajisugua miguuni mwangu, akilia njaa, na mama akaniambia nimpe samaki wa jana.